Njia za Mtoni na Fedha za Kuhifadhi Mito Yetu

(Hotuba ya Kamati, iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutuma tuseme juu ya jambo ambalo halikupata nafasi katika taarifa za miaka iliyopita, kwa kuwa lilidhaniwa ni la majirani kumalizana wenyewe kwa wenyewe. Jambo lenyewe ni njia za kwenda mtoni. Twaona sasa limekwisha kuwa kubwa kuliko ujirani, na limefungamana na shauri la fedha ambazo Serikali hutoa kwa ajili ya kuhifadhi mito. Hatuwezi kulizungumza moja tukaliacha la pili.

Kila mmoja wetu anayajua maji ya kwao. Mtu wa Meru mjini anaijua Kathita, wa Mwimbi anaijua Nithi, wa Chuka anaijua Tungu. Watu wa Embu wana Rupingazi na Kapingazi, na ndugu zetu wa Mbeere wana Thiba na Ena. Thuci tulikuwa tukiihesabu kuwa ndiyo mpaka baina ya wilaya mbili za zamani, yaani Meru na Embu. Ukiondoa maji ya upande wa Timau na sehemu ya kaskazini ya Nyambene, yanayoelekea Ewaso Ng'iro, mito hii yote humwagika katika Tana. Na Tana, baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi, huingia baharini karibu na Kipini. Basi mtu anayeteka debe la maji chini ya Runyenjes na mvuvi anayesukuma dau lake kule Kipini wanashiriki mto mmoja, ijapokuwa hawajapata kuonana.

Twaomba kwanza mtuvumilie tukumbushe habari ya ardhi. Mashamba yetu yalipokusanywa na kupimwa, kazi iliyoanza katika miaka ya 1950 na kuendelea baada ya Uhuru, shamba katika nchi ya milima lilikatwa kama ukanda. Kichwa chake kilikuwa juu barabarani, na mguu wake chini mtoni. Lakini si kila mtu aliyepata ukanda uliofika majini. Wengine walipewa mashamba ya juu, mgongoni mwa kilima. Kwa sababu hiyo kila mwenye ardhi alipunguziwa sehemu ya eneo lake, na sehemu hizo zikawekwa pamoja kwa matumizi ya watu wote: shule, masoko, makanisa, barabara, na njia za kushukia mtoni. Njia hizo ziliandikwa katika ramani. Hazikuwa zawadi ya Serikali, wala ukarimu wa mtu yeyote. Zililipiwa na babu zetu kwa ardhi yao wenyewe, nao walikubali kupungukiwa ili mjukuu wa jirani asikose maji.

Leo nyingi ya njia hizo haziko. Hazikuondolewa kwa amri, bali zilimezwa kidogo kidogo. Kwanza ua wa michongoma ulisogezwa hatua moja. Kisha yakapandwa majani ya nepia, maana ng'ombe wa maziwa hula kila siku. Kisha ikaja mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni za viwanda vya chai. Mwisho ikafungwa pampu mtoni na mpira wa maji ukapandishwa kilimani, na mwenye pampu akaona si vizuri watu wapite karibu na mali yake usiku. Hivyo njia iliyokuwa ikitosha ng'ombe wawili kupishana ikawa ya mtu mmoja, halafu ikawa ya mbuzi, na sasa ni mstari tu katika ramani iliyomo Ofisi ya Ardhi.

Hatusemi haya kwa kumchukia mwenye shamba la mtoni. Shamba la ekari sita lililopewa mzee mmoja limekwisha gawanywa kwa wana na wajukuu. Mwenye robo ya ekari hawezi kuuona ukingo wa mto kama uwanja wa mapambo, kwa kuwa pale ndipo penye arorutu yake, viazi vyake na sukumawiki ya kuuza wakati wa kiangazi. Mtu akimwambia aache mita kadhaa bila kulima, bila kumpa kitu, anamwambia aache chakula cha watoto. Shauri lolote lisilolitazama jambo hili litashindwa, hata likiandikwa kwa wino mzuri.

Wengine watatuambia kwamba habari ya njia imepitwa na wakati kwa kuwa mabomba yamefika. Ni kweli mabomba yamefika mahali pengi, nasi twashukuru. Lakini kumbukeni kiangazi kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikapungua mfululizo. Huko Mbeere na Tharaka bomba lilipokauka watu walirudi mtoni, na wengine walipofika walikuta waya. Mifugo nayo haijui bomba. Na wenye kuchukua maji mgongoni, yaani mama zetu na dada zetu, kwa kawaida sio wanaoitwa katika mabaraza ya mipaka. Ndiyo sababu malalamiko ya njia hayafiki mbali. Hufa pale pale penye debe.

Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yahesabu mito na maziwa yote yaliyotajwa na sheria kuwa ardhi ya umma, pamoja na ile nchi ya pwani iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kanuni za maji za mwaka 2007 nazo ziliweka ukanda wa hifadhi kando ya mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, na zikazuia kulima, kujenga na kupanda miti ya kigeni inayodhuru maji ndani yake. Ukiyasoma haya pamoja utaona kiini cha shida yetu: mto ni wa umma, lakini ukingo una hati ya mtu. Umma una haki ya maji wasiyoweza kuyafikia ila kwa kupita katika shamba la mwingine. Na mwenye shamba ana hati ya ardhi asiyoruhusiwa kuilima. Pande zote mbili zimepewa karatasi, wala hakuna aliyepewa fedha za kulimaliza jambo.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Mahali pengine ilikatwa. Lakini mkaratusi ukikatwa huchipua tena kutoka katika kisiki, na amri haikuwa na mfuko wa kununulia miche ya kuweka badala yake. Anayeshuka leo mabonde yetu ataona vilivyochipua, na vimekwisha kuwa nguzo.

Wazee waliomo humu wamesikia, na wachache waliona kwa macho yao, habari ya matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa katika miaka ya 1940 na 1950. Watu walitolewa nyumbani kwa amri ya machifu wakachimba bila ujira, wanawake wengi miongoni mwao. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, hilo hatukatai. Lakini yalichukiwa kwa jinsi yalivyoletwa, na mahali pengine yalibomolewa mara amri ilipolegea. Baadaye, mwaka 1954, ukaja Mpango wa Swynnerton, nayo Serikali ya Uingereza ikatoa pauni milioni 5. Mpango ule ulikuwa na shabaha zake za siasa wakati wa Hali ya Hatari, wala hatuusifu kwa jumla. Hata hivyo mkulima aliyepata hati na miche ya kahawa aliyatunza matuta yake mwenyewe bila kusimamiwa. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo twataka mkutano huu uikumbuke.

Na kabla ya haya yote, Meru ilikuwa na Njuri Ncheke. Misitu midogo mitakatifu, chemchemi na miti fulani ya mtoni haikuguswa, na aliyeigusa alitozwa mnyama. Faini ile haikwenda mbali. Ililiwa na wale wale waliotunza sheria. Yafaa watunga bajeti wajifunze hapo.

Sasa tuingie katika fedha. Si kweli kwamba mito yetu haikupata kutolewa fedha. Kuanzia mwaka 2004 mpaka 2012 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo pamoja na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliendesha mradi wa majaribio upande wa mashariki wa Mlima Kenya, katika mabonde ya mito kama Ena, Kapingazi, Kathita na Tungu. Baada yake, mwaka 2012, ukaja mradi mwingine mkubwa wa Tana ya Juu, uliosaidiwa pia na fedha za Uhispania, ukaenea katika kaunti sita: Embu, Kirinyaga, Meru, Murang'a, Nyeri na Tharaka Nithi. Miradi hii ilipanda miti ya asili na mianzi kwenye kingo, ikatengeneza mabirika ya kunyweshea mifugo, ikavisaidia vyama vya watumiaji wa maji vilivyoanzishwa kwa Sheria ya Maji ya 2002. Kazi nzuri ilifanyika, na mahali ambapo chama cha mto kilipewa miche na fedha za vibarua, miti bado imesimama.

Kasoro yake ni ya kila mradi: una mwanzo na mwisho, nao mto hauna mwisho. Mradi ukifungwa, gari huondoka, afisa huhamishwa, na chama cha mto hubaki na muhuri, daftari na deni la kodi ya chumba. Vipo vyama vya mito katika nchi yetu ambavyo wanachama wake hukutana chini ya mti na kuchanga nauli ya kumpeleka karani mjini. Hao ndio walinzi wa mto unaoiangazia Nairobi!

Hatukusema hivyo kwa kutia chumvi. Chini yetu, penye mpaka wa Embu na Machakos na mbele yake, Tana imefungwa kwa mabwawa matano: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Kwa pamoja mitambo yake yaweza kutoa karibu megawati 600. Kila anayenunua umeme wa Kenya, hata mama wa duka la sabuni huko Maua, hulipa katika bili yake tozo ndogo ya maji yaliyozungusha mitambo, na tozo hiyo huenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vivyo hivyo viwanda, mashamba makubwa na makampuni ya maji hulipia maji wanayoyachota. Basi mto wetu hauombi sadaka. Unaingiza mapato mchana na usiku, hata tunapolala. Swali ni moja: katika kila shilingi inayotokana na maji haya, ni senti ngapi zinazorudi kwenye ukingo yalikotoka?

Mabwawa yenyewe yana sababu ya kutaka jibu la swali hili. Udongo unaotelemka kutoka mashamba yasiyo na matuta huingia Masinga, na uchunguzi umeonyesha kwa miaka mingi kuwa tope limekuwa likijaa upesi kuliko wahandisi walivyokadiria. Tope likijaa, nafasi ya maji hupungua. Ni nafuu zaidi kumlipa mkulima wa Manyatta aache ukanda wa mita 6 na kuupanda nyasi za kukata, kuliko kujenga bwawa jingine.

Twaomba ruhusa tushuke na mto mpaka pwani, kwa sababu kule tutaona mwisho wa jambo ambalo hapa tuko katika mwanzo wake. Katika nchi ya chini ya Tana, Wapokomo hulima kandokando ya mto, na Waorma hufuga nyikani. Mifugo haina budi kufika majini kiangazini, kwa hiyo tangu zamani ziliachwa njia za kupitia kati ya mashamba, ziitwazo malka. Malka ni ile ile njia yetu ya mtoni, ila imepanuka kwa kundi la ng'ombe mamia. Mashamba yalipozidi, na ardhi ilipotaka kugawanywa kwa hati, njia hizo ziligombewa. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mapigano ya mwaka 2001. Tena mwaka 2012 hata mwanzo wa 2013 yalizuka mengine, wakafa watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo. Mwaka ule ule wa 2012 delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu mzima, chini ya Mkataba wa Ramsar. Heshima na msiba vilifika katika mwaka mmoja.

Huko Kipini na vijiji vya Ozi wakulima hulalamika kwamba maji ya chumvi hupanda mtoni na kuua mpunga na miembe, maana nguvu ya mto imepungua. Historia ya mdomo wa mto ule yafundisha kitu: katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belazoni ili kuiunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye Tana yenyewe ikaufuata, ikahama na kuingia baharini mahali pengine. Mto hukumbuka kila jembe lililoushika. Na pwani yote, kutoka Kiunga mpaka Vanga, wavuvi wamekuwa wakilalamika kwamba bandari ndogo za kupwelea mashua zimezungushiwa kuta. Ufuo ni wa umma kwa Katiba, lakini njia ya kuufikia ina lango na askari. Waone basi, wenzetu wa bahari wana ugonjwa huu huu.

Je, kuna waliopata dawa? Marekani walitunga sheria mwaka 1964 ya kuweka mfuko wa ardhi na maji, na sehemu kubwa ya mapato yake hutoka katika malipo ya makampuni yanayochimba mafuta baharini. Fedha hizo hununua na kutunza kingo za mito, fuo na njia za watu wote kufika majini. Kwa miaka mingi Bunge lao lilikuwa likizipeleka fedha hizo katika kazi nyingine, kwa hiyo msidhani wao ni malaika. Lakini mwaka 2020 walipitisha sheria nyingine kwamba dola milioni 900 zitolewe kamili kila mwaka. Kenya haina mafuta mengi ya bahari. Ina maji ya Tana, na tozo yake imekwisha kuwapo.

Kwa hiyo Kamati yaona tusingoje mradi mwingine kutoka ng'ambo. Kazi ya kuhifadhi udongo na maji, pamoja na barabara ndogo, imo mikononi mwa kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba. Kwa Sheria ya Fedha za Umma ya 2012, mpango wa mwaka wa maendeleo hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Wananchi wana haki ya kusema kabla ya kila moja. Wengi wetu hufika Juni, makadirio yalipokwisha kukauka, tukanung'unika katika matanga. Safari hii twende Agosti, tukiwa na karatasi mkononi.

Karatasi hiyo iseme nini? Iseme kwamba njia za mtoni zipewe fungu lao katika bajeti, lisilochanganywa na barabara za lami, maana likichanganywa litaliwa na lami. Fungu hilo limlipe mpimaji azitafute njia katika ramani za zamani na kuweka mawe ya mipaka mbele ya pande zote. Limlipe pia mwenye shamba anayeacha ukanda wa hifadhi, ama kwa fedha, ama kwa miche ya mianzi na nyasi anazoruhusiwa kukata. Kuhusu tozo ya maji, hilo ni la Serikali Kuu. Tutawaandikia Wabunge na Maseneta wetu tukitaka sehemu maalumu irudi kwa vyama vya mito kupitia Hazina ya Amana ya Sekta ya Maji, ambayo sheria imekwisha iunda kwa kazi za namna hii. Kiasi chake tutakibishana nao. Tusikitaje leo, tusije tukaomba kidogo kuliko wanachoweza kutoa.

Twafikiri pia njia ikifunguliwa, mto hupata walinzi. Mahali watu wanaposhuka kila asubuhi, mtu hawezi kumwaga maji ya kahawa mtoni wala kuchota mchanga kwa lori bila kuonekana. Mahali palipofungwa, mto hufa peke yake.

Bwana Mwenyekiti, tumeacha daftari kwa Karani, pale mezani karibu na mlango. Kila mwanachama aandike jina la njia anayoijua, kijiji chake, mto inakoshukia, na kama iko wazi au imezibwa. Asiandike jina la aliyeziba. Wanaoishi Nairobi na Mombasa waulize mama zao kwanza, kwani wao ndio wanaozikumbuka zote. Daftari litafungwa mwisho wa mwezi wa saba, na wajumbe watatu wa kila kaunti watalipeleka.